Mmoja Lazima Aanguke

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Mtaani alikuwa Sindano. Alikuwa fundi wa makochi, mwanamke pekee katika safu nzima ya mafundi seremala, na ile sindano yake iliyopinda ya kushonea migongo ya viti haikukaa mbali naye kutwa nzima. Akizungumza na mteja aliichomeka kwenye kola ya shati. Mteja akizidisha maneno, alimjibu mawili matatu tu, na hayo yalichoma kuliko sindano yenyewe.

Karate ilimpata akiwa na miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, tena kwa njia ya kazi. Mwalimu mmoja alikuwa amekodi ghala lililowahi kuhifadhiwa saruji, akalifanya ukumbi wa mazoezi. Akaja karakana kutafuta mtu wa kumshonea magodoro ya kutandika sakafuni, sponji ngumu ndani na turubai juu. Sindano aliyashona thelathini na mawili, akayapeleka kwa mkokoteni, akayapanga mwenyewe mpaka yakaumana bila mwanya.

“Fundi,” Mwalimu akamwambia, “wewe huwa unakalia makochi unayoshona?”

“Nisipokalia nitajuaje kama yanakalika?”

“Basi na haya yajaribu. Leo jioni.”

Alikuja kujaribu magodoro, akakaa miaka kumi na mmoja.

Mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, alicheka siku ya kwanza alipomwona anatoka na suruali ya michezo iliyomzidi kimo. “Mke wangu, ukianza kunipiga nitajipeleka hospitali mwenyewe, gari ninalo.” Lakini hakumzuia. Aliona jinsi mkewe alivyorudi amechoka mwili na kichwa kimetulia, akaona hiyo ni dawa isiyouzwa dukani.

Siku zile za mwanzo Mwalimu hakutoza mtihani. Watu walilipa ada ya mwezi, wakiweza, na mtu akiiva alivuliwa mkanda wa zamani na kufungwa mpya mbele ya wenzake. “Mkanda haununuliwi,” alikuwa akisema. “Mkanda unatolewa jasho.” Kisha mwenye ghala akapandisha kodi, na ada ya mtihani ikaja. Ilianza kidogo, halafu kila rangi ikawa na bei yake, nyeupe kwenda njano, njano kwenda kijani, na bei ikipanda pamoja na rangi mpaka ile ya mkanda mweusi ambayo ilimfanya mtu ameze mate kabla ya kuitamka.

Watu walinung’unika. Wapo waliosema mazoezi yamegeuka duka. Sindano ndiye aliyesimama upande wa Mwalimu kuliko wote. “Mtihani una wasahihishaji,” aliwaambia. “Wanatoka mbali, wanakula, wanalala. Hata leseni ya udereva mnalipia, mbona hamuiti duka?” Na mtu akiendelea kubisha, alikuwa na neno la mwisho ambalo halikujibika. “Mimi nililipa ada yote ya mkanda mweusi na nikafelishwa. Kama mkanda unanunuliwa, mbona mimi sikuupata?”

Hapo ubishi uliisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Katika mtihani wake wa kwanza wa mkanda mweusi walikuwepo watahiniwa kumi na mmoja. Kumi walipita, mmoja akaanguka, na huyo mmoja alikuwa yeye. Mwalimu alimwambia mbele ya wote, kwa sauti ya upole, “Kiuno chako hakifuati pigo. Rudi ukakifundishe.”

Alirudi akakifundisha. Mwaka mzima aliamka kabla ya watoto, akasimama uani kati ya ndoo na kamba ya nguo, akazungusha kiuno mia kulia, mia kushoto. Mwezi wa saba nyonga ya kulia ilianza kumkata kama kisu. Mumewe alikuwa akimsugua dawa ya misuli na kumwambia apumzike, naye akisema kiuno hakijatii bado. Mwaka ulipoisha akalipa ada tena, akafanya mtihani tena, akapita. Nyonga haikupona sawasawa. Mpaka leo akiinama kupiga pini chini ya fremu ya kochi lazima aegemee goti la kushoto.

Lakini hakujuta. Kama kuna kitu alichojivunia maishani baada ya wanawe, basi ni kule kuanguka na kurudi. Wanawe aliwasimulia, wanafunzi wapya aliwasimulia, hata mteja aliyelalamika kwamba kiti chake kimecheleweshwa alisimuliwa. Mwalimu naye alimtumia kama mfano. Mzazi akija kuuliza kama mikanda ya pale ina thamani, aliambiwa, “Muulize Sindano.”

Miaka minne baada ya kuvaa mkanda mweusi, alihamishwa upande wa pili wa meza. Mwalimu alimwita ofisini Alhamisi moja alasiri, siku mbili kabla ya mtihani. Ofisi ilikuwa kipande cha ghala kilichokatwa kwa mbao laini, ndani yake meza, feni iliyolia kama kuku mwenye kikohozi, na picha za wanafunzi waliofuzu. Alimwambia kwamba Jumamosi atakaa kwenye jopo la wasahihishaji, yeye na mzee mmoja wa chama cha karate.

Sindano alifurahi mpaka akasahau kukaa.

“Kaa,” Mwalimu akasema. “Sasa wewe ni mtu wa ndani, kwa hiyo nikueleze tunavyokwenda. Watahiniwa wa mkanda mweusi ni tisa. Wanane watapita.”

“Umejuaje, na hawajafanya?”

“Ndiyo ninakueleza. Wote tisa wakipita, wale wa klabu nyingine watasema tunauza mikanda. Na wazazi nao wataanza kuuliza. Mmoja lazima aanguke. Safari hii atakuwa Mlinzi.”

Mlinzi alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya kufungua geti la benki. Alikuja mazoezini akitoka zamu, sare imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Katika miaka saba hakuwahi kuchelewa.

“Mlinzi amekosa nini?”

“Hajakosa kitu.” Mwalimu alisema bila hila, kama mtu anayemweleza mwenzake jinsi ya kuwasha jiko. “Yule kijana wa duka la dawa ndiye mbovu, najua. Lakini ukimwangusha leo, kesho yuko klabu ya ng’ambo ya barabara kuu, na wenzake watano wamemfuata. Mlinzi hataondoka. Atanyong’onyea wiki mbili, atarudi, atafanya bidii kuliko mwanzo. Ada atalipa tena. Na kila mtu akimwona atajua hapa mkanda ni kazi.”

Feni iliendelea kukohoa. Sindano alitazama picha ukutani, akaitafuta yake, akaipata. Alikuwa amesimama kati ya watu sita, ametoa meno yote nje.

“Mwalimu,” akasema polepole, “na ule mwaka wangu?”

Mwalimu aliinuka akaizima feni, akaiwasha tena. Kuchelewa kule ndiko kulikomjibu.

“Wewe ulikuwa bora kuliko wote siku ile,” Mwalimu akasema hatimaye. “Ndiyo maana. Niliona ni wewe tu unayeweza kubeba.”

“Na kiuno?”

“Ilibidi niseme kitu.”

Aliondoka bila kuaga. Alipofika karakana alikuta mteja anamsubiri kuchagua kitambaa, akamwonyesha vitabu vitatu vya sampuli, akapima, akaandika, na mteja alipokwenda hakukumbuka hata rangi waliyokubaliana. Usiku mumewe alipomuuliza kwa nini hali, alimweleza yote. Mume alisikiliza, akatazama ile chupa ya dawa ya misuli iliyokuwa juu ya kabati mwaka wa tano sasa, akatikisa kichwa.

“Mtu alikutazama ukichechemea miezi yote ile,” akasema, “na anajua kiuno chako hakina kosa.”

“Jumamosi sitakwenda.”

“Usipokwenda atamtafuta mwingine mwenye kalamu laini. Yule Mlinzi ataanguka vilevile, tena hakuna hata mmoja mezani anayejua.”

Alikwenda. Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa, wazazi na ndugu wamekaa kwenye mabenchi ya pembeni, watoto wa mikanda ya chini wamekunja miguu kwenye mstari. Meza ya jopo ilifunikwa kitambaa cheupe. Mwalimu katikati, mzee wa chama kulia, Sindano kushoto. Mzee huyo alikuwa mstaarabu mwenye miwani mizito, na alikuwepo pia ule mwaka Sindano alioangushwa. Mwalimu alimsalimia Sindano kama kawaida, tena kwa uchangamfu. Pengine alidhani ameshalimeza.

Kila mtahiniwa alifanya kata, yaani ule mfululizo wa mapigo na vizuizi ambao mtu huufanya peke yake kana kwamba anapigana na watu wasioonekana, kisha akapambana na mwenzake. Sindano aliandika alichokiona, akakataa kuandika kingine. Kijana wa duka la dawa alianza kwa mbwembwe, akafika katikati, akasahau. Alisimama mkono hewani, akatazama dari, akaanza upya, akasahau palepale. Mlinzi alipoingia, Sindano alijikuta anamtafutia kosa. Ndiyo, alitamani kulipata, kwa sababu lingempunguzia mzigo. Alipata moja tu, mguu wa kushoto ulichelewa kidogo kugeuka. Mengine yote yalikuwa safi, na kiuno kilifuata pigo kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Karatasi zikakusanywa. Mwalimu aliingia nazo ofisini, akakaa humo muda wa kunywa kikombe cha chai, akatoka na karatasi moja tu. Akaanza kusoma waliopita. Wa tatu kutajwa alikuwa kijana wa duka la dawa, na shangazi zake wakapiga vigelegele. Majina manane yalipokwisha, akamwita Mlinzi mbele, akamwekea mkono begani.

“Ndugu yangu, umejitahidi. Lakini kiuno chako hakifuati pigo. Rudi ukakifundishe.”

Yalikuwa maneno yaleyale, hata upole wake ulikuwa uleule. Sindano alisikia masikio yakimwungua. Alikuwa amekubali kwamba alidanganywa. Kumbe hata uongo wenyewe haukushonwa kwa kipimo chake, ni nguo moja anayovishwa kila anayeteuliwa.

Alisimama. “Mwalimu, karatasi yangu haisemi hivyo.”

Mwalimu akageuka akitabasamu. “Matokeo ni ya jopo, Sindano.”

“Basi jopo liyasome. Mimi nasoma ya kwangu. Mlinzi nimempa themanini na mbili kwa mia, kosa lake ni mguu wa kushoto kuchelewa. Kijana wa duka la dawa nimempa thelathini na tano, na kila mwenye macho hapa ameona kwa nini.” Akamgeukia mzee wa chama. “Mzee wangu, wewe uliandika ngapi?”

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mzazi mmoja akauliza kutoka benchi la nyuma karatasi ziko wapi. Mwingine akasema mwanawe amelipiwa mikanda minne pale, naye angependa kujua. Minong’ono ikaanza kuwa maneno. Sindano alikuwa amefungua mdomo aseme na habari ya mwaka wake, ndipo Mlinzi mwenyewe akamwinulia mkono.

“Dada, acha,” akasema. “Imetosha.”

Alifungua mkanda wake wa kahawia, akaukunja, akautia katika mfuko wa plastiki pamoja na sare yake, akainamia ukumbi kama desturi, akatoka.

Jumatatu Sindano alimfuata kazini. Alimkuta kwenye geti la benki, kofia imenyooka, anamwelekeza mama mmoja mahali pa kupanga foleni. Alisubiri mpaka watu wakapungua, akamweleza kila kitu, ofisi, feni, wanane na mmoja, kwa nini aliteuliwa yeye, na lile neno la Mwalimu kwamba ilibidi aseme kitu. Alidhani anampelekea zawadi.

Mlinzi alisikiliza akitazama barabara. Kisha akasema, “Dada Sindano, Jumamosi nilipotoka pale nilikuwa na huzuni, lakini nilikuwa najua la kufanya. Nilikwenda nyumbani nikasimama mbele ya kioo cha kabati nikaanza kuzungusha kiuno. Mke wangu akanicheka, nami nikacheka.” Akamfungulia mteja mlango. “Sasa umeniambia kiuno hakina tatizo. Nirekebishe nini?”

“Mguu wa kushoto.”

“Huo ni wewe umesema. Nitajuaje kama na wewe haikukubidi tu useme kitu?”

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma Sindano njia nzima ya kurudi. Ile hasira yake aliyoibeba kwa fahari tangu Alhamisi ilimfia mkononi. Aliona kwamba Mwalimu hakuwanyang’anya mkanda tu. Aliwanyang’anya hata uwezo wa kumwamini anayewaambia wamekosea wapi.

Lilimbaki swali moja, nalo halikumpa usingizi. Je, Mwalimu alisema kweli hata hilo la kwamba alikuwa bora kuliko wote? Au ilibidi aseme kitu? Wiki ya pili alikata shauri, akamtafuta yule mzee wa chama. Alimkuta kwake, barazani, anamenya machungwa. Mzee alimkaribisha kwa heshima, akamletea kiti, akajua kilichomleta.

“Mzee wangu, sikuja kugombana. Nataka kitu kimoja. Ule mtihani wangu wa kwanza, wewe ulinipa ngapi?”

Mzee aliweka kisu chini. “Mwanangu, nikikuambia nakumbuka nitakuwa nakuongopea. Kila mwaka nakwenda kumbi kama ishirini. Naletewa karatasi, natia sahihi, napewa nauli yangu. Siku ile nakumbuka mvua tu. Wewe sikukumbuki.”

“Hata kiuno?”

“Hata sura.”

Alikula kipande cha chungwa alichopewa, kwa sababu kukataa kungekuwa ukorofi, akashukuru, akaondoka. Njiani alilia. Miaka ile yote aliidhania siku hiyo kuwa kubwa, alidhani kwamba watu watatu walimtazama kwa makini wakampima. Kumbe hakuna aliyekuwa anatazama.

Mwalimu alikuja karakana mwezi uliofuata. Alikuwa amekonda kidogo. Baadhi ya wazazi walikuwa wametoa watoto wao, ingawa si wengi kama Sindano alivyotarajia. Wengi walibaki, kwa kuwa walikwisha kulipia na watoto walipapenda. Mwalimu alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akaanza bila kuzunguka.

“Unaniona mwizi.”

Sindano aliendelea kukaza mikanda ya mpira kwenye fremu.

“Ada ya mwezi,” Mwalimu akasema, “nusu yao hawalipi. Mtu atakuambia mtoto aliumwa, mshahara umechelewa. Lakini ada ya mkanda hulipa wote, hata kwa kukopa. Bila mikanda lile ghala lingekuwa limerudi kuwa la saruji. Wewe ungefanyia mazoezi wapi? Na bila ule mwaka usingekuwa hivi ulivyo. Ulirudi ukiwa chuma.”

“Nilirudi ukiwa umenivunja nyonga.”

“Sikujua utaumia.”

“Uliniona nachechemea miezi mitano, ukaniambia kiuno bado.” Aliweka nyundo chini. “Mwalimu, pesa sina neno nayo. Ungetuita ukasema, jamani, kodi imepanda, ada ya mkanda ndiyo inayoshika paa hili. Tungelipa. Mimi ningekuwa wa kwanza kulipa, na ningewasimanga wasiolipa. Lakini ulichukua pesa ukasema ni ya kupimwa, halafu hukutupima.”

“Mtu anayepima akilipwa na anayepimwa,” Mwalimu akasema kwa uchovu, “unadhani itakwendaje? Niliwahi kuwafelisha watatu kwa haki. Wote watatu waliondoka. Nikajifunza.”

“Ukajifunza kumchagua asiyeondoka.”

Mwalimu akauliza kama Sindano angerudi japo kufundisha watoto wadogo, ambao walikuwa wanamuulizia. Lile la watoto lilimgusa, na Mwalimu alijua litamgusa. Hapo ndipo Sindano alipopata nguvu ya kusema hapana. Alimsindikiza mpaka mlangoni kama mgeni mwingine yeyote, akamtakia safari njema.

Ukumbi ule upo mpaka leo, na bei za mikanda zimebandikwa ukutani. Mtihani uliofuata wote walipita. Watu wa klabu ile ya ng’ambo walisema mikanda inauzwa, kama Mwalimu alivyotabiri.

Kwa miezi mingi Sindano hakupiga hata ngumi moja hewani. Mkanda wake mweusi aliutoa kwenye msumari chumbani, akauweka katika sanduku la nguo za baridi. Watu walipomuuliza kama ni halali shule za karate kutoza mikanda, wakitegemea atawaka, alisema watoze, mradi anayepokea pesa asiwe ndiye anayeshika kalamu. Kisha alirudi kwenye kazi yake, na muulizaji alielewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mlinzi ndiye aliyevunja ukimya. Asubuhi moja alitokea karakana akitoka zamu, mfuko wa plastiki mkononi. Alisalimia, akasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Sindano akampa stuli.

“Sikuja kukaa,” akasema. “Nimekuwa nikifikiri. Siku ile ulisimama mbele ya watu na hukuwa na unachopata. Nikajiambia, huyu haikumbidi aseme kitu, na alisema.” Akatazama ule uwanja mdogo wa nyuma ya karakana, penye vipande vya mbao na maranda. “Nikufanyie ile kata. Uniambie ukweli. Mkanda sitaki.”

Sindano aliifuta mikono kwenye aproni. Walisogeza fremu mbili za makochi, wakafagia maranda. Mlinzi akavua viatu, akaanza. Seremala wa jirani aliacha msumeno kutazama. Sindano aliinama ameegemea goti la kushoto, macho kwenye miguu ya yule mtu, hatua moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

“Mguu wa kushoto bado unachelewa,” akasema.

“Sana?”

“Kidogo. Ukigeuka unausubiri ule wa kulia. Fanya tena, taratibu, nikuonyeshe ni wapi.”

Mlinzi akarudi mahali pake pa kuanzia, akavuta pumzi, akainua mikono.